Lori la Baba na Rangi Yake

Ndugu msomaji, wazee wetu walipotaja uraibu walikuwa na maana ya tambuu, tumbaku na kahawa. Yaani vitu ambavyo mtu akivikosa huumwa na kichwa, na akivipata havimshibishi. Siku hizi neno hilo tumelipanua, hata mtu anayefuga njiwa au kukusanya stempu za barua naye husemwa kuwa ana uraibu wake. Mimi wangu ni lori. Si lori la biashara, la hasha, bali ni lori moja kuukuu la vita, ambalo kwa miaka minane sasa limekula akiba yangu na Jumamosi zangu, na nusura lile undugu wangu na mdogo wangu wa tumbo moja. Nitakusimulia habari zake jinsi zilivyo, pamoja na zile ambazo sipendi kuzisimulia.

Lori lenyewe ni Bedford, aina iliyoitwa QL. Liliundwa Luton, Uingereza, katika kiwanda cha Vauxhall, ambacho ndicho kilichounda pia vifaru vya Churchill. Kati ya mwaka 1941 na 1945 yalitoka humo malori ya aina hii zaidi ya 50,000. Hubeba tani 3. Injini yake ni ya petroli, silinda 6, lita 3.5, nguvu za farasi 72, ambazo leo hata gari dogo la kuendea kazini huzizidi. Sifa yake kubwa ni kwamba magurudumu yote manne huvuta, na dereva afikapo barabara nzuri aweza kuyaachia ya mbele yazunguke tu. Dereva huketi juu ya tairi la mbele, ubavuni mwa injini, wala si nyuma yake. Kwa hiyo lori halina pua, na ukilitazama usoni utadhani ni mtu aliyekunja kipaji. Juu ya kiti cha utingo dari lina tundu la mviringo lenye kifuniko, ambapo askari alisimama akitazama ndege za adui. Wajukuu wangu wameligombania tundu hilo kuliko wanavyogombania nyama.

Utauliza, lori la vita vya Waingereza lilifikaje Ugogo? Jibu ni karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, ambayo nchi yake ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianzisha mradi wa kulima karanga hapa Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Shabaha ilikuwa zaidi ya eka milioni 3. Mashine mpya hazikupatikana, kwa hiyo yakakusanywa yale yaliyoachwa na majeshi: matrekta ya Wamarekani yakaletwa kutoka Ufilipino, vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta, na magari ya kijeshi yakaja kwa wingi. Lakini udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi huwa mgumu kama saruji, mvua ilikuwa haba, na mizizi ya miti ikavunja majembe. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa, ukiwa umekwisha kula pauni zaidi ya milioni 36. Mzee yeyote wa Kigogo angaliweza kuwaeleza mambo ya mvua ya Kongwa kwa bei ya kibuyu kimoja cha pombe, ila hawakumwuliza.

Marehemu baba alijifunza udereva jeshini. Aliandikwa askari mwaka 1942, akafundishwa kuendesha lori, kisha akavushwa bahari kupelekwa Bama. Ndugu msomaji, ukiwa na mzee katika ukoo wako aliyepita huko, utajua kwamba wengi wao hawakuwa watu wa kusimulia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, mwaka 1944, na Desemba ya mwaka huo wahandisi wakajenga juu ya mto Chindwin, mahali paitwapo Kalewa, daraja la vyuma lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100. Hayo nimeyasoma vitabuni. Kwa kinywa chake baba alinieleza mambo mawili tu. La kwanza, kwamba kule matope humeza lori mpaka kwenye bodi. La pili ni habari ya kidole gumba chake cha kulia, kilichokuwa kimepinda: alipokuwa akiliwasha gari kwa hendeli, injini ilirudi nyuma, na hendeli ikamvunja. "Ushikapo hendeli," alikuwa akituambia sisi watoto, "gumba liweke upande mmoja na vidole vyako. Usilikumbatie chuma kama shingo ya mchumba."

Alirudi mwaka 1946 na nishani mbili na leseni. Kati ya hivyo, leseni ndiyo iliyomlisha. Mwaka 1948 alipata kazi Kongwa kwenye mradi, na mradi ulipokufa na mali yake kuuzwa, mfanyabiashara mmoja wa huko akanunua Bedford hili, akalipaka rangi ya buluu, na akamwajiri baba kuliendesha. Baba alibeba karanga (chache zilizopatikana), mahindi, ngozi, chumvi na maharusi. Mwaka 1964 mfanyabiashara huyo akafunga duka na kuondoka, naye alikuwa anadaiwa na baba mishahara ya miezi kumi na minne. Fedha hakuwa nazo. Akampa lori.

Miaka kumi lililisha nyumba yetu. Nilisoma kwa lori hilo. Dada yangu alizaliwa ndani yake mwaka 1965, katikati ya njia ya kwenda Mpwapwa, baba akiwa ameshika taa ya chemli na kutazama upande mwingine. Halafu mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta duniani ikapanda karibu mara nne katika miezi michache. Lori lilikuwa likimaliza galoni moja kwa maili saba hivi, na wenye malori ya dizeli wakachukua mizigo yote. Siku moja ya mwaka 1974 baba aliliegesha chini ya mbuyu, akatoa betri, akasema tungoje petroli ishuke. Tuliingoja mpaka alipofariki mwaka 1994. Katika miaka hiyo ishirini alikuwa akipanda mara moja moja, hasa Jumapili baada ya chakula, akaketi kwenye usukani bila ya kufanya lolote. Mama alikuwa akituzuia tusimsumbue.

Mimi nilikuwa fundi mitambo wa reli. Nilistaafu mwaka 2017, nikiwa na miaka 60, na mwaka huo huo mnunuzi wa chuma chakavu akapita kijijini na mizani yake. Akalitazama lori, akasema shilingi 1,500,000. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani kumtunza mama na shamba, akanipigia simu. Binti yake alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, naye hakuwa na karo. Hoja yake ilikuwa wazi: chuma kinaoza, mtoto anataka kusoma. Mtu mwenye akili timamu angalijibu, "Uza." Mimi nilimjibu, "Usiuze. Karo ya mtoto nitalipa mimi, miaka yote."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa jioni nilipanda basi Dodoma nikashuka Mbande, nikaingia Kongwa na mfuko wa spana. Sitakuchosha na kila nati, lakini baadhi ya mambo lazima niyaeleze, maana ndiyo utamu wenyewe. Kwanza nyuki walikuwa wamelifanya sanduku la vyombo kuwa mzinga, tukapata asali ndoo moja na nusu kabla ya kupata spana hata moja. Injini ilikuwa imeshikamana. Nilichomoa plagi, nikamimina dizeli na mafuta ya giaboksi katika kila silinda, nikaacha wiki tatu, kisha nikaweka hendeli. Haikutikisika. Nikavua silinda hedi na kukuta silinda ya nne imejaa kutu nyekundu, kwa kuwa maji ya mvua yalikuwa yameingia humo kwa miaka arobaini. Pistoni hiyo ilitoka baada ya siku mbili za kuigonga kwa kipande cha mninga, taratibu, kwani ukitumia nyundo tupu utapasua usichoweza kukinunua. Ringi mpya nilizipata Dar es Salaam, si za Bedford bali za mashine nyingine yenye kipenyo kinachokaribiana, nikazisawazisha kwa tupa. Gasketi ya hedi iliagizwa Uingereza, kwa maana huko, na vilevile Uholanzi na Ubelgiji, wako watu wengi wenye uraibu huu. Kila Juni wengine huyapeleka magari yao Normandy, Ufaransa, kukumbuka siku ya tarehe 6 Juni 1944. Tangi la petroli tulilitia kokoto na mnyororo, tukalifunga turubai, tukawapa watoto wa kijiji walivingirishe njia nzima siku mbili. Kutu ikatoka. Usingizi wa majirani nao pia ulitoka.

Kuna jambo moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka mikono hutoka jasho. Rimu za lori hili ni za vipande viwili, vilivyobanwa pamoja kwa duara la nati. Nati za duara la ndani hushikilia gurudumu kwenye ekseli. Hizo waweza kuzilegeza. Za duara la nje hushikilia vipande viwili vya rimu visiachane, na tairi likiwa na upepo usithubutu kuzigusa, kwa kuwa vipande hivyo vitaruka kama risasi ya mzinga. Jeshi la Uingereza lilizipaka nati hizo rangi nyekundu ili hata askari asiyejua kusoma ajue. Lakini kumbuka kwamba mfanyabiashara wetu alilipaka lori buluu, kila mahali, nati zote. Tulikuwa tumejaza matairi yale ya zamani upepo ili tulivute lori kutoka chini ya mbuyu. Kijana niliyemchukua gereji anisaidie akaweka spana kwenye duara la nje na kuikanyaga kwa mguu. Nati ya kwanza ilikuwa imekwisha legea, naye alikuwa kwenye ya pili, nilipoona pale spana ilipokwangua buluu panaonekana wekundu. Nilipiga ukelele ambao mama aliusikia ndani. Kijana yule alikuwa na miaka kumi na tisa, tena ni mtoto wa mwenzake. Kosa lilikuwa langu peke yangu: mimi ndiye niliyekuwa nimesoma, naye hakusoma, na sikumwambia.

Sasa nifike mahali nisipopapenda. Karo ya mwaka wa kwanza nililipa. Mwaka wa pili, 2018, nilipata habari ya matairi manne ya ukubwa unaofaa, yaliyokuwa Dar es Salaam kwa mtu aliyetaka fedha taslimu siku hiyo hiyo. Fedha nilizokuwa nazo ni zile za awamu ya pili ya karo. Nilijiambia kwamba pensheni ya mwezi ujao itaziba. Pensheni ya mwezi ujao ilikuja na ugonjwa wa jino, bati la jikoni, na msiba wa shemeji. Mke wangu aliponiuliza kama karo imekwenda, nilimjibu imekwenda. Ndugu msomaji, lile "imekwenda" lilikuwa neno moja tu, nami nililitamka nikiwa natafuna.

Binti alizuiwa kufanya mtihani. Hakurudi kwa baba yake. Alikuja kwetu Dodoma na sanduku lake, kwa sababu alidhani kuna karatasi ya benki iliyopotea, akataka anisaidie kuitafuta. Mke wangu ndiye aliyemfungulia mlango. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi ungalikuwa nafuu. Alimwandalia mtoto chakula, akamtandikia kitanda, kesho yake akaenda kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa akakopa fedha hizo kwa jina lake. Jioni aliniambia, "Baba watoto, mimi sina neno na lori. Nina neno na mtu aliyeniambia imekwenda." Binti alirudia muhula mzima. Mdogo wangu alikata maneno nami. Nilipokuwa nikienda kijijini alikuwa akinisalimu kama mtu asalimiavyo karani wa ofisi, kisha akashika jembe lake akaenda zake, naye alikuwa na haki.

Kwa mwaka mzima sikugusa spana. Nililipa lile deni la kikundi kwanza, shilingi kwa shilingi, na karo zilizobaki nilizipeleka mwenyewe mkononi, nikarudi na stakabadhi nikaiweka mezani pasipo kuulizwa. Binti huyo ni muuguzi sasa, yuko wilaya nyingine. Yeye alinisamehe mapema kuliko wote, jambo ambalo lilinitia haya kuliko kununa kwa baba yake.

Niliporejea, mwaka 2020, kazi iliyobaki ilikuwa ya bodi na rangi. Wenye uraibu huu huko ng'ambo hulirudisha gari katika hali ya vitani: rangi yake ya jeshi, alama zake, hata ndoo yake ya maji. Nami nilitaka hivyo. Nilipopiga msasa mlango wa kulia, chini ya buluu pakatokea rangi ya hudhurungi ya jeshi, na juu yake, kwa chokaa nyeupe iliyofifia, herufi L na tarakimu zilizofutika nusu. Hiyo ndiyo namba ya malori ya jeshi la Uingereza. Yote yalianza na L. Nilifurahi kama mtu aliyefukua dhahabu. Nikanunua lita ishirini za rangi ya jeshi.

Mama alikuwa na miaka 86 wakati huo. Alikuja na mkongojo wake, akaona debe limefunguliwa, akachovya ncha ya mkongojo akaitazama.

"Hili ni lori la nani?" akauliza.

"La baba, mama."

"Lori la baba yako lilikuwa la buluu."

Nikamweleza habari ya vita, ya Luton, ya herufi L. Nilieleza vizuri, nadhani, maana vijana waliokuwapo walitikisa vichwa vyao kwa kukubali. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, baba yako alikaa na lori hili kama mali yake miaka thelathini. Rangi hiyo aliijua kuliko wewe. Alikuwa anaweza kulipaka hiyo, na hakulipaka. Usiku alikuwa akipiga kelele usingizini, anawaamuru watu watoke kwenye matope. Asubuhi anaamka, anakwenda kuliosha lori lake la buluu." Akageuka akaenda kukaa kivulini.

Sikupata jibu siku ile, wala tangu siku ile. Nilikuwa nimefikiri kwamba kulifufua lori ni kuondoa yote yaliyoongezwa mpaka ulifikie lile la asili. Lakini lile la asili lilikuwa la mfalme wa Uingereza, na sisi tulilelewa na lile lililoongezwa. Rangi ya jeshi niliiuza kwa nusu ya bei, nikanunua buluu. Mlangoni niliacha mahali kiasi cha kiganja, penye ile L, nikapapaka vanishi tu. Nati za duara la nje nilizipaka nyekundu kwa mkono wangu, kila moja, mara mbili.

Liliwaka mwezi wa Agosti, mwaka 2022. Niliweka gumba upande mmoja na vidole vyangu, nikazungusha hendeli mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili likakohoa, likatoa moshi mweusi, likashika. Mbuzi wa kijiji kizima walikimbia. Mama alitoka akiwa amevaa kitenge chake cha kwendea kanisani, akaja mpaka kwenye mlango wa utingo, akasimama. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa akitafuta kitu chini.

"Kreti liko wapi?" akaniuliza. "Baba yako alikuwa na kreti la kupandia."

Tulileta kreti la soda kutoka dukani, akapanda. Tulikwenda maili mbili na kurudi, kwa gia ya pili, kwa sababu breki sikuziamini. Nilipopita shambani kwa mdogo wangu alisimama akaegemea jembe akatutazama. Mama alimpungia mkono, naye akampungia. Bado hajapanda, ingawa siku hizi hunipigia simu kuniuliza habari za afya, na mwezi uliopita aliniuliza ninatumia mafuta gani ya injini.

Taa ya nyuma ya kushoto bado sijaipata. Ni ndogo, ya duara, kioo chekundu, kipenyo chake kama kikombe cha chai. Ikiwa kwenu kuna lori la zamani chini ya mti, hebu mwulize mama kabla hujamwita mwenye mizani.